Mche wa fedha wa aunsi 1000 una kilo ngapi?

Si kilo 28, ni 31 na ushee. Madini ya fedha hupimwa kwa aunsi ya troi, gramu 31.1, si ile ya jikoni ya gramu 28. Tena hiyo "1000" ni jina tu la biashara: soko la London hupokea miche ya aunsi 750 hadi 1100, mradi usafi usipungue 999 kwa 1000. Unalipia uzito halisi wa mche wako. Ila ukiubeba nyumbani, siku ya kuuza mnunuzi anaweza kudai upimwe upya. Na kwa Uingereza, kuutoa ghala la forodha kunaleta VAT ya asilimia 20.