Mvua ya Kwanza Isikutoe Mbio na Mashine ya Majani

Mwaka juzi mvua ya kwanza ya Machi iliponyesha hapa Tanga, sikumaliza hata wiki. Ua wangu wa Sahare ulikuwa umepigwa na kaskazi tangu Januari hadi ukawa rangi ya makumbi, kwa hiyo nilipoona kijani tu, nikatoa mashine. Nikakata chini kabisa, nipumzike mwezi mzima. Mvua nayo ikakata. Jua likashuka hadi mizizini, na kufika Mei nilikuwa na vipara ambavyo kuku wa jirani walivifanya bafu lao la mchanga.

Bibi wa nyumba ya pili alinicheka kwanza. "Mwanangu, ile ulokata ilikuwa ndago." Akachuma bua, akaniambia nilizungushe vidoleni: lina pembe tatu. Ukoka, nyasi yenyewe ya ua wangu, hauna. Ndago ina vinundu ardhini vyenye akiba, ndiyo maana huwahi kuchipua na kusimama. Ukoka uliokaushwa na jua huchelewa. Na kuikata ndago ni kuinyoa tu. Ing'oe kwa kijembe udongo ukiwa laini, itoke na vinundu vyake.

Siku hizi tarehe siiangalii. Nashika utambazi wa ukoka, ule ubua unaotambaa juu ya ardhi, nauvuta taratibu. Ukinyanyuka, haujashika mizizi, nauacha. Ukigoma, na majani yamefika vidole vinne, hapo nakata theluthi tu ya juu. Kushusha zaidi nakuachia mikato ya baadaye.

Kaka yangu yuko Uingereza. Yeye hungoja baridi ipungue, Machi au Aprili, kwani nyasi za huko karibu hazikui ardhi ikiwa chini ya nyuzi joto 6. Kwetu kinacholaza ukoka ni kiu.

Masika ikikolea, kupata siku ya kukata ni kuvizia. Mimi hungoja hadi saa nne, umande umekauka. Nikikanyaga na unyayo ukabaki umechoreka, narudisha mashine ndani, maana magurudumu yatashindilia udongo. Na kama una minazi, okota vidaka na vifuu kwanza. Kisu changu kiligonga kifuu kikapinda, nami kwa ubishi nikaendelea nacho. Kesho yake ncha za majani zote zilikuwa zimechanika na kupauka, kama zimetafunwa na mbuzi.

Vipara nilivipandikiza ukoka mwezi wa tano. Vimefunga, isipokuwa kimoja karibu na mlango. Kile kuku wamekataa kukirudisha.