Kabla Hujapaka Rangi Deikea Yako, Nunua Kufuli ya Geti

Dada mmoja wa Mbale ameniandikia wiki hii. Amekodi nyumba ya vyumba vitatu, ameacha kazi ya duka, anataka kufungua deikea, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Aliniuliza mambo manne: apake ukuta rangi gani, bembea anunue wapi, atoze kiasi gani, na leseni inachukua muda gani kutoka. Nilimjibu kwa ufupi kwenye simu. Lakini najua mko wengi wenye moyo wa watoto na akiba kidogo, kwa hiyo jibu lote naliweka hapa.

Leseni yangu nimeipata mwezi uliopita. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika mkabala na mlango, na kila mzazi anayeingia namwona anavyoitazama. Siku niliyoipokea nililia mbele ya watu. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Nilianza Februari 2019, hapa Busia, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, kwenye vyumba viwili nyuma ya soko. Anayeijua Busia hahitaji maelezo. Mipaka hii ndiyo iliyozaa neno boda boda, enzi vijana wa baiskeli wakivusha watu kutoka forodha moja hadi nyingine. Wanawake wanaamka saa kumi usiku, wanavuka na mayai, ndizi, mahindi. Mtoto yuko mgongoni, au amelazwa chini ya meza ya nyanya huku matrela yakipita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliuza mukene, yaani dagaa, miaka minne, na mwanangu wa kwanza alijifunza kutambaa juu ya magunia.

Wenye mshahara nao wana shida yao. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Zikiisha, mtoto hajatimiza hata miezi mitatu, na mama anatakiwa darasani au wodini. Kuna walimu na wauguzi wanaonipigia simu kutafuta nafasi mimba ikiwa bado tumboni.

Kwa hiyo kupata wateja hakukunisumbua hata siku moja. Mwezi mmoja tu baada ya kuanza nilikuwa na watoto 19. Walezi tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja. Piga hesabu hiyo mwenyewe.

Mkaguzi akaja. Alizunguka kimya, akaangalia choo cha shimo, akaangalia jiko, akasimama sana getini. Akaniambia mambo matatu: tundu la choo ni kubwa kwa mtoto mdogo, walezi hawatoshi, na geti linalofungwa kwa waya si geti. Hakuidhinisha. Nilimchukia yule mtu. Nilipita sokoni nikisema anatafuta kitu kidogo, ndiyo maana ananizungusha. Hakuniomba hata shilingi moja. Naliandika hapa hadharani kwa sababu hata kumchafua nilimchafua hadharani.

Nilinunua poti za plastiki. Waya ukabaki.

Corona ikaja, shule na vituo vyote vikafungwa Machi 2020, na watoto wa deikea hawakurudi mpaka Januari 2022. Miaka hiyo nilirudi kwenye mukene, sina la kusimulia.

Nilipofungua tena nilikuwa na watoto 14, binti yule yule, na waya ule ule. Asubuhi moja ya mvua mzazi aliingia, akamwacha mtoto, akatoka mbio bila kurudisha waya. Binti alikuwa anabadilisha nepi. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Mtoto wa miaka miwili na miezi kidogo akatoka, akafuata njia mpaka barabara kubwa.

Hatukujua. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, kwamba hatukujua. Kijana wa boda ndiye aliyemkuta, amesimama kando ya gurudumu la trela kwenye foleni ya kuvuka, injini inanguruma. Alimleta amembeba mkono mmoja, mkono mwingine anasukuma pikipiki. Uji niliotia unga wakati yule mtoto yuko ndani ulikuwa bado haujachemka.

Jioni nilimweleza mama yake kila kitu, sikuficha. Alinisikiliza, akachukua mfuko wa nguo, hakurudi tena. Simlaumu. Lakini kuna mwingine. Huyo alikuwa rafiki yangu wa meza moja sokoni, na mtoto wake nilimlea miezi mitatu bila senti pale mali yake iliposhikwa. Yeye ndiye aliyeibeba habari meza hadi meza, na kuongezea kwamba mtoto aligongwa. Katika wiki mbili watoto 14 wakawa watano. Leo tunasalimiana vizuri, namwuliza habari za nyumbani, ananijibu. Bado inaniuma.

Sasa, dada yangu wa Mbale, nisikilize. Uliniuliza habari za bembea. Bembea itasubiri. Nenda kaangalie geti lako leo, kabla jua halijazama. Litikise. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kufikia komeo? Mzazi mwenye haraka na mwavuli mkononi atalifunga? Geti langu la chuma lilinigharimu laki nne na nusu za Uganda, na nililinunua baada ya kuuza friji. Ningeliuza friji hilo miaka mitatu mapema.

Pili, daftari. Kila mtoto, kila siku: saa aliyofika, nani amemleta, nani atamchukua, sahihi au kidole gumba. Ambaye hayumo kwenye daftari hapewi mtoto, hata akiwa ndiye baba mzazi, mpaka nimpigie mama. Kuna baba nilimsimamisha juani karibu saa nzima kwa sababu simu ya mama ilikuwa imezimwa. Alinitukana matusi ya kila lugha ya mpaka huu. Mtoto sikumtoa. Na wewe usimtoe. Usione haya mbele ya mtu mzima ukiwa umeshika roho ya mtoto wa mwenzio.

Tatu, walezi. Sasa tuko wanne kwa watoto 22, na wale wasiotimiza mwaka wana mlezi wao ambaye hapewi zaidi ya watatu. Walipe tarehe uliyosema. Peleka na NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, asilimia 10 yako na 5 ya mfanyakazi. Tangu 2022 sheria inamgusa mwajiri yeyote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Utamwambiaje mlezi awe na macho getini ikiwa akili yake iko kwenye kodi ya chumba chake?

Kadi ya chanjo pia. Sheria ya Chanjo ya 2017 inataka ionekane kabla ya kumpokea mtoto, na deikea imetajwa humo. Shangazi yangu alimleta mjukuu bila kadi akidhani undugu unatosha. Nilimshika mkono tukaenda wote kituo cha afya, mtoto akachomwa ya surua, ambayo alipaswa kuipata akiwa na miezi tisa. Hatukulipa kitu.

Karatasi zenyewe si za kutisha: jina la biashara URSB, ofisi ya kusajili biashara, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, leseni ya biashara ya manispaa, mkaguzi wa afya, kisha ofisi ya elimu. Deikea ilitajwa tangu sera ya 2007 ya malezi ya watoto wadogo, kwa hiyo usikubali mtu akwambie unalea tu. Ila kumbuka kwamba elimu ya kabla ya msingi iliachiwa watu binafsi. Hakuna atakayekuletea unga wa uji.

Bei: mama wa sokoni ananilipa shilingi 3,000 za Uganda kwa siku, asubuhi, kabla hajatua mtoto, mwenye mshahara analipa kwa mwezi. Shilingi za Kenya napokea.

Kuhusu muda wa leseni, yangu ilichelewa kwa sababu ya waya. Mkaguzi wa safari hii ni mwingine. Alilitikisa geti mara mbili, akaomba daftari, akalisoma kurasa nyingi akiwa amesimama. Yule wa kwanza alihamishwa, na sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

Rangi ya ukuta wangu ni chokaa nyeupe. Daftari nitalipiga picha kurasa mbili, nifunike majina ya watoto, nikutumie Jumapili deikea ikiwa imefungwa.