Kete ya Shehena

Wiki hii mmeuliza ni mchezo gani wa mezani uliotufanya tuitazame historia kwa jicho jingine. Wangu ni Afrika Korps, mchezo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia huko Afrika Kaskazini, uliotolewa na kampuni ya Avalon Hill ya Marekani mwaka 1964. Unachezwa na watu wawili: mmoja anashika Wajerumani na Waitaliano, mwenzake Waingereza. Ramani inaanzia El Agheila, Libya, hadi delta ya Nile, na imechorwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Kila zamu ni nusu mwezi, kuanzia Aprili 1941.

Mgeni wa mchezo macho yake hukimbilia vifaru. Si ajabu, maana rejimenti za vifaru za divisheni za 15 na 21 za Wajerumani zina nguvu saba kila moja. Rommel, jenerali wa Wajerumani, naye ana kete yake. Haipigani, ila vikosi vinavyoandamana naye huongezewa vyumba viwili vya mwendo. Vita vyenyewe ni hesabu: nguvu za mshambuliaji kwa za mlinzi, kisha dadu na jedwali. Kila mtu huwinda tatu kwa moja, yaani nguvu mara tatu ya mlinzi, kwa kuwa hapo huna hofu ya kufutwa peke yako.

Lakini yote hayo yanaitegemea kete ya shehena, yaani mafuta, risasi na chakula cha jeshi. Isipokuwa karibu nawe, hushambulii. Ukishambulia, imeliwa, unaitoa ubaoni. Mjerumani sasa arushe dadu kila zamu kuona kama meli yake imevuka Mediterania au imezama. Basi utamkuta mtu ana vifaru vyake vyote mbele ya kikosi kimoja dhaifu cha Waingereza, naye ametulia tuli, maana shehena bado iko nyuma jangwani. Akiitanguliza bila ulinzi, adui anaiteka na kuitumia dhidi yake.

Vitabu vilikuwa vimeniambia kwamba Rommel aliiteka Tobruk, bandari ya Libya, Juni 1942, na mwezi uliofuata akakwama El Alamein, Misri. Nilidhani habari yote ni ya majenerali. Tangu niucheze huu, nikisoma habari za vita natafuta kwanza bandari iko wapi na malori yanapita njia gani.

Mchezo huu una kasoro zake. Ndani ya ngome ya Tobruk nguvu za mlinzi huzidishwa mara mbili, na mara nyingi mchezo wa saa kadhaa huamuliwa pale kwa mrusho mmoja wa dadu. Tena shehena inajisogeza yenyewe! Wapagazi na wajenzi hawamo, wakiwemo askari wa vikosi vya kazi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika waliopelekwa upande huo.

Ukiupata, anza na Waingereza. Shehena zao hazina presha ya dadu, na mwenzako ndiye atakayehangaika na meli.