Hiyo Chromebook ifutwe mbele ya muuzaji kabla hujatuma hata shilingi

Usitume hiyo pesa. Umesema umepata Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS, ya mtumba Mombasa kwa shilingi 9,000, muuzaji ataipakia kwenye basi la Malindi, na unauliza ram kiasi gani yatosha na uweke Linux gani, Debian au Mint. Hayo baadaye. Niambie kwanza: mgongoni ina kibandiko cha shule ya Marekani, au alama ya gundi pale kibandiko kilipobanduliwa?

Yangu ilikuwa na alama hiyo. Nilitumiwa video mashine inawaka vizuri, kurasa zinafunguka, muziki unalia. Kumbe muuzaji kaingia kama mgeni, bila akaunti yoyote. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi Lamu, nikaifuta nianze upya. Kuiunganisha tu na waifai, ikaniambia inasimamiwa na shule, niingie kwa akaunti ya shule. Hakuna pa kuruka. Kule Marekani mwanafunzi ameshamaliza masomo na kuoa, laptopu bado iko darasani!

Elewa kufuli hilo liko wapi. Haliko kwenye diski, kwa hivyo kufuta hakusaidii. Namba ya mashine imesajiliwa Google chini ya shule ile, na kila ikifutwa ikapata intaneti, inakwenda kuuliza mwenyewe ni nani. Wa kuiachilia ni msimamizi wa shule. Hali ya msanidi programu, ambayo ndiyo mlango wa kuweka Linux kamili, inakataa kufunguka. Hata ile Linux ya ndani ya ChromeOS, iliyoanza 2018, shule inaweza kuizima. Wapo wanaofungua mashine na kuandika upya famwea, programu ya msingi iliyo kwenye bodi, kwa kifaa cha nje, lakini gharama hiyo iongeze kwenye hizo 9,000 utafute laptopu ya ThinkPad kuukuu.

Nilipompigia muuzaji akasema, "Peleka kwa fundi aiflashi," yaani aiandike upya famwea. Anajua! Mtu anayeuza mashine za shule kwa mafungu hawezi kuwa hajui, ndiyo maana video yake ilianza akiwa ameshaingia. Huo ni wizi, na nauli ya kurudisha ilikuwa juu yangu.

Basi nenda mwenyewe, au mtume ndugu aliyeko Mombasa, awashe hotspoti ya simu yake. Kwenye skrini ya kuingilia abonyeze Ctrl, Alt, Shift na R, aifute, aiunganishe na intaneti, angoje mpaka ifike pa kuweka Gmail ya mtu yeyote. Ikitaja shule au kampuni, au ikikataa kufutwa, aondoke. Ikipita, ashike Esc, kitufe cha kupakia ukurasa upya na cha kuwashia kwa pamoja, kisha Ctrl na D. Ikikubali kuingia hali ya msanidi, hapo ndipo mfungue M-Pesa.

Prosesa iwe Intel au AMD. Za MediaTek ziache, famwea mbadala ya MrChromebox, inayotumika kuweka Linux kamili, haizihudumii. Ram nyingi zimechomewa kwenye bodi, haziongezwi.

Muuzaji akisema hana muda wa kungoja ifutwe, usibishane naye, tafuta mwingine. Ukipata mtu wa kukuendea, nipigie picha kila skrini itakayotokea uniwekee hapa. Nitakuwepo baada ya isha.