Anza na Wenye Roho: Barua kwa Mwanangu Anayehamia Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nimekaa barazani nikiwa sina haraka. Umeuliza mawili kwa mpigo: vitu vya nyumba nzima vitafikaje Mwanza bila kuvunjika, na mbwa wenu Simba na paka Kibibi muwachukue au muwaache kwa jirani. Ukasema mkwe wangu anaona mbwa abaki Tanga, maana safari ni kama kilomita 1,200 na watoto peke yao ni kazi tosha. Hili haliishi kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Wachukueni wote wawili. Na maandalizi yaanze na wao, kabati lije baadaye. Kitanda kikikosa nafasi kwenye fuso kitafuata wiki ijayo, kikivunjika fundi yupo. Mwenye roho hana wiki ijayo.

Nakueleza kwa nini sitaki Simba abaki. Jirani yako ni mtu mwema, simkatai. Lakini mbwa haachwi kwa mtu, huachwa kwenye nyumba, na nyumba ile inaingia mpangaji mwingine. Nimeyaona hapa Muheza. Wiki ya kwanza jirani anapeleka ukoko wa wali. Wiki ya tatu mbwa analala getini kwa wenyewe, anasubiri gari analolijua, na watoto wa mpangaji mpya wanamtupia mawe. Baada ya miezi miwili hana kola, hana chanjo, anakula jalalani na wenzake. Mbwa wa namna hiyo ndiye akimng'ata mtoto tunakimbizana kutafuta sindano. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Sisi tuliomlea Simba tangu akiwa kitoto cha mbwa, anayekojoa kwa furaha akiona baiskeli ya baba yako, tusimfikishe huko.

Kwa hiyo kesho, kabla hujaanza kutafuta maboksi, tafuta kadi yake ya chanjo. Kama mwaka umepita, mpeleke wiki hii hii, na Kibibi pia, kwani paka naye huchanjwa kichaa. Mmesema mnaondoka wiki ya mwisho ya Juni shule zikiwa zimefungwa, na leo tuko katikati ya Mei. Muda upo, lakini hauna ziada kubwa. Mnyama anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji kama wiki tatu mwili wake ujenge kinga, na Kibibi sikumbuki kama aliwahi kuchanjwa. Ukiwa pale mwambie daktari wa mifugo kwamba mnahama mkoa. Atawapima, atakupa cheti, na atakuelekeza kwa afisa mifugo kuhusu kibali cha kusafirisha wanyama. Uliza kibali kinadumu siku ngapi, ili usikikate mapema mno kikaisha mkiwa bado mnafunga mizigo. Karatasi hizo zikae kwenye mkoba wako wa begani pamoja na vyeti vya watoto, kadi za bima na barua za uhamisho wa shule. Kitu chochote utakachoulizwa njiani kisiwe ndani ya fuso.

Halafu muite fundi seremala amtengenezee Simba tundu la mbao. Mpime mwenyewe, usimwachie fundi akisie: urefu kuanzia puani hadi shina la mkia, kimo hadi ncha za masikio, uongeze kidogo. Asimame bila kuinama, ageuke, alale amejinyoosha. Fito ziachane kiasi cha hewa kupita vizuri, lakini pua isiingie ikanasa. Likishakamilika liweke kibarazani siku hiyo hiyo, mlango wazi, chakula chake umwekee humo. Siku ya tatu ataingia mwenyewe. Baada ya wiki mfungie dakika tano ukiwa karibu, kisha robo saa, kisha mzunguko mfupi wa gari mpaka Raskazone na kurudi. Siku ya safari ataliona ni chumba chake. Na asipande fuso, mwanangu, hata utingo akikuapia. Chini ya turubai hakuna hewa, na mzigo hujisogeza kila gari linapofunga breki. Buti la gari la mkwe wangu ni pana, viti vya nyuma vikilazwa upande mmoja tundu litaingia. Nimelipima kwa macho Pasaka mlipokuja.

Sasa nije kwa paka, na hapa nina jambo la kukuambia.

Unakumbuka tulipohama Tabora kuja Tanga, baba yako alipopewa uhamisho, mwaka 1991. Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa na paka wa madoa, Chausiku, ulikuwa unalala naye mkeka mmoja. Tulimtia kwenye kapu la ukili, juu tukalifunga kwa kamba ya katani. Lori likapata pancha kabla ya kufika Manyoni, jua linazama. Tukashuka wote. Kapu lilikuwa linatikisika, paka analia sauti ile nzito anayotoa paka mwenye hofu, mdomo wazi, mate yanamtoka. Dakika mbili baadaye kapu limelala ubavu, tupu, na mkia unapotelea vichakani. Vichaka vya kule unavijua, vimefungamana hata mbuzi hupita kwa shida. Baba yako aliita, dereva aliita, ukaita wewe mpaka sauti ikakauka. Giza likaingia, tukaondoka. Hukusema neno hadi Morogoro.

Miaka yote umeamini utingo ndiye aliyelifungua kapu. Nimekusikia ukiwahadithia wanao hivyo. Hakuwa utingo. Nilikuwa mimi. Nilimwonea huruma, nikalegeza kamba kidogo nimpe maji kwenye kifuniko cha chupa. Hakuyataka maji. Alipita chini ya mkono wangu kama mafuta. Nilipogeuka ulikuwa umesimama unanitazama, sikuweza kukuambia, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Nisamehe.

Ndiyo maana nakuandikia haya kwa urefu. Paka mwenye hofu hamjui mtu, hata wewe unayemlisha. Hatafuti maji wala chakula, anatafuta tundu la kujificha. Basi Kibibi asitiwe kapuni wala guniani. Yapo matundu ya plastiki yenye mlango wa nyavu wa kubana. Ukikosa, fundi yule yule akutengenezee dogo la mbao lenye komeo. Tandika humo kanga yako uliyokwisha kuivaa, usiifue, ile harufu ndiyo itakayomtuliza kuliko maneno. Juu funika kwa kitenge chepesi asione magari yanayopita. Na mlango wake haufunguliwi nje, popote, kwa sababu yoyote. Kama ni lazima kumgusa, vioo vyote vya gari viwe juu na milango imefungwa, watoto wameshaambiwa.

Siku ya kupakia ndiyo ya hatari zaidi, kuliko hata njiani. Mlango wa mbele unashinda wazi, vijana wanatoka na makochi, sauti zimejaa, na hakuna anayehesabu paka. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa vitu vyote chumba kimoja, mtie Kibibi humo na maji yake na beseni la mchanga, funga kwa ufunguo, ufunguo ukae kwako.

Dawa. Daktari akiona Simba anahitaji kitu cha kutuliza kichefuchefu atakuandikia, lakini usimpe mnyama dawa ya kabati lako. Panadol inaua paka, hata kipande kidogo. Na ile dawa ya kupe unayomwogeshea Simba usimpake Kibibi ukidhani unaokoa fedha. Nyingine zinazofaa mbwa ni sumu kwa paka.

Chakula wape kidogo jioni ya kuamkia safari, asubuhi wasile. Maji kidogo kidogo kila mnaposimama. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, ili Same mpite kabla jua halijakaa utosini. Pale panawaka, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapumua tu ulimi nje. Msimwache garini vioo vimefungwa mkaenda kula, hata kama ni chapati moja. Kuleni kwa zamu. Mkishapita Arusha hali inageuka, Babati mwezi Juni ni baridi, na ninyi ni watu wa pwani, blanketi moja lisifungiwe na mizigo. Laleni Babati au Singida. Ila pigeni simu gesti mapema kuuliza kama wanapokea wanyama, msije kufika saa tatu usiku watoto wanasinzia mkaanza kubembeleza wahudumu. Mlima Sekenke mshuke mchana.

Vitu vyenyewe sina mengi. Visivyo lazima kwenda viuzeni, yale makochi ya kijani nauli yake itazidi bei yake. Friji izimwe siku mbili kabla, barafu iyeyuke, ikaushwe, isafiri imesimama, na ikifika msiiwashe papo hapo, ipumzike hata usiku mzima ili mafuta ya mashine yashuke mahali pake. Mtungi wa gesi usiingie kabisa kwenye fuso lililojaa magodoro. Muuzie mtu, Mwanza mtanunua mwingine. Skrubu za kitanda zitie kwenye mfuko mdogo, ufungwe kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho, maana sisi tulilala chini siku nne Tanga nzima ikiwa na maduka ya vifaa na hakuna skrubu iliyoingia. Runinga isafiri wima, katikati ya magodoro mawili. Na boksi moja liandikwe USIKU WA KWANZA: sufuria, chumvi, mashuka, balbu, chandarua, bakuli mbili za wanyama. Hilo lipakiwe mwisho kabisa. Fuso huweza kuchelewa kwenye mizani, kwa hiyo nguo za siku tatu na chakula cha Simba viwe nanyi garini. Fedha za uhamisho, kama hazijaingia, zifuatilie kwa maandishi sasa ungali Tanga, ofisi unaijua na watu unawajua.

Kabla hamjalipa kodi ya miezi sita, mwenye nyumba wa Mwanza aambiwe wazi kwamba kuna mbwa na paka. Asije kuwaona siku mnashusha mizigo. Ulizeni uzio, na ulizeni nyumba imekaaje. Mwanza ni mawe. Nyumba nyingi za milimani zimejengwa kati ya miamba mikubwa kama chumba, na chini yake kuna mianya mirefu. Paka mgeni akiingia humo hutamtoa kwa kuita. Kibibi akae ndani wiki tatu nzima, dirisha lenye nyavu, beseni la mchanga, chakula saa zile zile za Tanga. Atalia usiku. Mvumilieni. Simba naye atolewe kwa kamba hadi aujue mtaa, na wiki ya kwanza mtafute daktari wa mifugo wa huko, mumuulize habari za kupe na mbung'o. Na wajukuu wangu, kwa kuwa wamezoea bahari, wataona ziwa ni bahari tu. Waambie mapema: maji ya ukingoni mwa ziwa yana kichocho, wasioge.

Mwambie mkwe wangu simpingi kwa ubishi. Anaogopa safari nzito na ana haki. Lakini muulize Simba alibweka mara ngapi usiku ule wezi walipokuja mtaani kwenu, na aliyemwamsha nani.

Nitafika kwenu siku mbili kabla ya kupakia, na basi la asubuhi. Nitakuja na machungwa ya njiani. Masanduku siyawezi tena, mgongo unakataa. Nipe kile chumba kitupu na kiti kimoja. Nitakaa na Kibibi mlango umefungwa, tangu kijana wa kwanza anaingia mpaka godoro la mwisho linatoka, na nitamtia kwenye tundu mimi mwenyewe.

Mama yako,
Muheza