QEMU inazimika baada ya device_del: mtafute anayegusa kumbukumbu iliyokwisha achiliwa

Kama QEMU (programu ya kuendesha kompyuta pepe) inazimika mara moja moja tu, sekunde kadhaa baada ya kuchomoa kifaa pepe kwa `device_del`, usihangaike na gdb (kitatuzi) kwanza. Jenga QEMU upya kwa `--enable-asan --enable-debug` (matoleo ya zamani: `--enable-sanitizers`) ili kuwasha ASan, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu, kisha rudia `device_add` na `device_del` ndani ya kitanzi. Kwa vifaa vya PCI subiri tukio la DEVICE_DELETED (taarifa kwamba kifaa kimeondolewa) kila mzunguko. Mfumo mgeni (unaoendeshwa ndani ya QEMU) usipokubali kuchomoa, hakuna kinachoachiliwa, na utadhani hitilafu imepona.

Ripoti ya ASan ya heap-use-after-free (kugusa kumbukumbu iliyokwisha achiliwa) ina rundo tatu za miito: aliyegusa, aliyeachilia, aliyetenga. Ya pili ndiyo yenye habari. Ukikuta `call_rcu_thread` humo, kumbukumbu iliachiliwa kwa kuchelewa, ndiyo maana ajali haifuati amri papo hapo. Ya kwanza ikipitia taima au BH (bottom half, kazi iliyoahirishwa), fungua `unrealize` ya kifaa (msimbo wa kukisafisha kinapoondolewa): mara nyingi `timer_free` au `qemu_bh_delete` imesahaulika.

Ripoti ikikosekana ilhali bado inazimika, ongeza `quarantine_size_mb=1024` kwenye ASAN_OPTIONS (kigeu cha mazingira cha ASan). Chaguo-msingi ni MB 256, na bloku ikishatoka karantini (ASan inakohifadhi kwa muda kumbukumbu iliyoachiliwa) hutumika upya kimyakimya. RAM itapanda, jiandae.