Asilimia 100 si ruhusa ya kuchomoa flashi

Je, kunakili faili kukifika 100% unaweza kuchomoa flashi papo hapo? Hapana, hasa kwenye Linux. Mstari wa kunakili ukifika 100%, keneli (kiini cha mfumo endeshi) imeshapokea data yako kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), lakini flashi huenda bado inaandika. Kwa mipangilio ya kawaida keneli huamka kila sekunde 5 na kuandika data iliyokaa zaidi ya sekunde 30 (mipangilio yenyewe, kwa sehemu za mia za sekunde, ni vm.dirty_writeback_centisecs = 500 na vm.dirty_expire_centisecs = 3000). Ndiyo maana filamu ya GB 2 "inamaliza" fasta kwenye kompyuta, halafu kwenye TV inakata katikati.

Ukitaka kuona kwa macho, andika kwenye terminali:

grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo

Irudie amri hiyo, kilobaiti zilizobaki utaziona zikipungua. Amri ya sync haikurudishii mstari wa amri hadi data yote iandikwe. Kisha fanya umount (amri ya kuitenganisha flashi na mfumo), ndipo uchomoe. Usitegemee taa ya flashi peke yake, nyingine hazina hata taa.

Windows 10 kuanzia toleo la 1809 haishikilii data ya flashi kwenye RAM kwa namna hiyo, kwa hiyo hatari ni ndogo, ila usichomoe programu ikiwa bado imefungua faili.

Kama ulishachomoa na flashi inatumia mfumo wa mafaili wa FAT32, jedwali la mafaili linaweza kuvurugika kwa sababu mfumo huo hauna jarida (rekodi ya mabadiliko yanayoendelea). Angalia jina la flashi kwa amri ya lsblk, fanya umount, kisha irekebishe kwa sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1. Hakikisha sdb1 ndiyo flashi yenyewe, usije ukagusa diski nyingine.